Miisho ya Mama Dobi

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kitui mjini. Nashona sare za shule na gauni za kwaya, na filamu naziangalia kwa jicho la fundi. Mtu akinisifia filamu, swali langu la kwanza ni nguo. Kuna filamu moja ya makarate ambayo mwalimu wetu wa Kalamba anaipenda kupita kiasi, na mimi imenishinda kuimaliza, kwa sababu shujaa wake anapigana na kijiji kizima, anatupwa mtoni, anakokotwa na farasi, na koti lake halifumuki hata mshono mmoja. Mwalimu husema nina roho ngumu. Mimi humwambia alete hilo koti nilione.

Namwita mwalimu wetu kwa sababu tuko kikundi cha watu wanne kwenye simu. Yeye yuko Kalamba, upande wa Makueni, anafundisha Kiswahili katika shule ya upili. Wa pili ni mwenye duka la vitambaa hapa Kitui, ambaye wazee wake walitoka pwani wakaja kufanya biashara na hawakurudi tena. Wa tatu ni nesi wa Ikutha. Wa nne ni mimi. Kazi yetu ni kuchukua filamu za zamani, zile ambazo hata waliozitengeneza labda wamezisahau, na kuziongezea. Filamu inapoishia, sisi ndipo tunapoanzia. Jambazi akifungwa jela, mmoja wetu anaandika alivyotoka na ni nani aliyekwenda kumpokea. Mpishi akipita mara moja na sinia na asionekane tena, mwenye duka atamwandikia mke, shamba na maumivu ya mgongo. Nasikia duniani wako watu wengi wanaofanya hivi, na kazi yao ina jina la Kizungu. Sisi tunasema tu kuongezea.

Tuna sheria zetu. Ya kwanza ni kwamba mtu akileta filamu haitumi. Anaisimulia. Hili lilianza kwa sababu bando ni ghali na nusu ya hizo filamu hazipatikani popote, lakini sasa limekuwa desturi na hakuna anayetaka kuliacha. Anayeleta filamu anajirekodi sauti, kipande kwa kipande, tangu mwanzo mpaka mwisho. Wengine wanamuuliza maswali: nyumba ilikuwa ya mabati au ya nyasi, yule mzee alikuwa na meno, mvua ilikuwa ya kweli au ya kumwagwa kwa ndoo. Akimaliza ndipo tunaruhusiwa kuandika. Kwa hivyo mimi nimeandika kurasa nyingi sana juu ya filamu ambazo sijawahi kuziona hata kidogo. Nazijua kwa sauti ya mwenzangu, na kuku na pikipiki zikipita nyuma yake.

Sheria ya pili ni yangu, na niliipigania mpaka wenzangu wakachoka nami. Ukisimulia, usiongeze. Simulia kama ilivyokuwa, hata kama ilikuwa mbaya. Nyongeza ina wakati wake. Mwenye duka aliwahi kutusimulia filamu ambayo kila mtu alikuwa anakula biriani, na nilipombana sana akakubali kwamba kwenye filamu walikuwa wanakula mkate mkavu tu, na yeye aliona huruma. Nilimgombeza mchana kutwa. Akasema, "Wewe dada ungekuwa hakimu, jela zisingetosha."

Nawapenda hawa watu, niseme wazi. Mwalimu huandika kama anasahihishwa na wakaguzi: kwake hakuna mtu anayeenda mahali, wote wanafululiza moja kwa moja bila kutazama nyuma wala kando. Kwa mwenye duka hakuna mtu anayepewa habari mbaya kabla hajala. Nesi huandika vipande vifupi, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, na kwake hakuna anayekufa kwa kuvunjika moyo. Wana presha, wana sukari, na mtu fulani amesahau kuwapeleka kliniki. Kwangu mimi utajua kila mtu amevaa nini. Tunachekana kwa hayo kila wiki na kila wiki tunarudia yale yale.

Nesi nilimpata kupitia mwenye duka. Alikuwa amekwenda kununua kitambaa cha sare, akaelekezwa kwangu, na nilipokuwa nampima mabega tukagundua kwamba tumekulia Ikutha sote wawili, yeye karibu na soko, mimi ng'ambo ya mto. Sijui tulifikaje kwenye habari za filamu. Nakumbuka tu kwamba futi ilikuwa bado shingoni mwake tulipoanza kugombana.

"Wewe pia uliona ile ya mama dobi?" aliniuliza.

"Si ndio ile inaisha akikufa pale stesheni?"

"Akikufa? Nani alikufa? Kijana si alirudi. Alikuwa anapunga mkono kwa dirisha ya treni."

"Hakuna kijana alirudi. Mama alikufa akiwa ameshika ile shati ya kijana, na ilikuwa nyekundu. Mimi niliona."

"Mimi pia niliona," akasema nesi, na akanigeukia, na vipimo vyote vikaharibika.

Inabidi nieleze Ikutha ya utoto wetu. Kulikuwa na chumba cha mabati karibu na soko, madirisha yamezibwa kwa magunia, na ndani televisheni moja, kaseti na jenereta iliyokohoa huko nje. Watoto tulikuwa tunaingia kwa maji. Ukileta mtungi wa maji kutoka kwenye visima vya mchangani, yanamwagwa sakafuni ili vumbi litulie, na wewe unakaa mbele. Filamu nyingi zilikuwa za Kihindi au za Kichina na hakuna aliyejua lugha yenyewe, kwa hivyo alikuwepo msimulizi. Alisimama kando ya televisheni na fimbo yake, akapunguza sauti, na kusema kila kitu kwa Kikamba. Alikuwa mwanamume, alikuwa mwanamke, alikuwa mbwa, alikuwa mvua. Mpaka leo nikimwona Mhindi akifungua mdomo kwenye filamu, nangoja Kikamba kitoke.

Ile ya mama dobi ilikuwa ndiyo filamu yake kubwa. Mama mjane anafua nguo za watu mtoni. Ana mtoto mmoja wa kiume. Kijana anakua, anapanda treni kwenda kutafuta kazi, anaahidi kurudi, na hasikiki tena. Mama anazeeka. Kila treni ikija anakwenda stesheni na shati ambalo kijana aliliacha, amelifua na kulipiga pasi, ili akishuka awe na nguo safi ya kubadilisha. Ikutha nzima ililia kwa filamu hiyo, na mimi nadhani niliamua kuwa fundi kwa sababu ya shati hilo.

Basi nesi akaingia kwenye kikundi na akaisimulia. Akafika mwisho wake, kijana akipunga mkono dirishani. Mimi nikaweka wangu, mama akianguka stesheni. Kikundi kikagawanyika. Mwalimu akawa upande wangu kwa sababu anapenda vifo vyenye maana. Mwenye duka akawa upande wa nesi. Tulivutana mpaka tukakubaliana kwamba nesi aongezee mwisho wake, na mimi ninyamaze, jambo ambalo lilinishinda lakini nilijitahidi.

Akaongezea. Na kusema kweli hakuna kitu kizuri zaidi kilichowahi kuandikwa kwenye kikundi chetu. Alimchukua yule kijana ndani ya treni, akiwa njiani kurudi, na kila wiki akamleta stesheni moja karibu zaidi. Hapa anasaidia mwanamke kujifungua. Pale injini inaharibika, abiria wanalala chini ya miti na kuanza kuambiana maisha yao. Huku nyumbani mama dobi anafua. Wiki zikawa miezi, miezi ikawa zaidi ya mwaka, na kijana bado alikuwa njiani. Mwalimu akaanza kulalamika kwamba hiyo reli itakuwa imeizunguka dunia.

Mimi nilijua sababu, kwa maana nesi aliniambia mwenyewe, siku alipokuja kuchukua sare. Ana kaka. Alitoka nyumbani kwenda kutafuta kazi Mombasa, akawa anapiga simu, halafu namba ikawa haipatikani. Wameuliza kwa polisi, wameuliza hospitalini, wameuliza watu wa kanisa wenye jamaa huko. Hakuna. Mama yao yuko nyumbani Ikutha, na kila Jumapili baada ya ibada nesi humsomea kile alichoandika wiki hiyo, akikigeuza kwa Kikamba. Mama mwanzoni alimuuliza kama hana kazi ya kufanya. Baadaye akawa ndiye anayedai. Jirani akiingia wakati wa kusomewa, anaambiwa akae anyamaze au arudi baadaye.

"Sasa unaona," nesi akaniambia. "Siwezi kumaliza. Nikimwambia imeisha na kijana hakurudi, atajua mimi nimekata tamaa. Na yeye hajakata. Kama mimi nimekata, amebaki peke yake."

Nilimwambia asimalize. Nilikunja sare yake na sikumchokoza siku hiyo.

Aliyevuruga mambo ni mwalimu, kwa nia nzuri kabisa. Yeye hawezi kulala na jambo lisilo na ushahidi. Kupitia kwa mshirika mwenzake kanisani akampata yule msimulizi wetu wa Ikutha, ambaye sasa ni mhubiri, na akanitumia namba. Nesi alikuwa amekuja Kitui kwa mafunzo ya kazi, akapitia kwangu, na tukampigia tukiwa pamoja kwenye cherehani yangu, simu imewekwa sauti ya juu. Nilimwambia sisi ni watoto wa maji, tuliokuwa tunakaa mbele. Alifurahi sana. Nikamuuliza: mama dobi alikufa au hakufa?

Akacheka. "Haki, mmenikumbusha mbali. Kwanza niwaulize, nyinyi mlikuwa mnakuja siku gani?"

"Jumamosi," nikasema.

"Jumapili," nesi akasema.

"Basi ndio hiyo. Hiyo kaseti ilikuwa imekatika. Mama akifika tu stesheni, inaingia harusi ya watu hatuwajui, wanakata keki. Sasa ningeambia watu aje? Nilikuwa nazima TV hapo, namalizia na mdomo. Jumamosi mtu ameuza mbuzi, ameshiba, anataka kulia kidogo ndio aende nyumbani. Jumapili mtu ametoka kanisa. Huwezi kumuulia mama saa hiyo."

Nilikasirika kweli. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeapa kwamba niliona. Ningeweza kukuonyesha mama alivyoanguka, mkono gani ulikuwa chini, shati lilivyotandazwa kwenye saruji, na kumbe nilikuwa natazama kioo kilichozimwa huku mtu akiwafurahisha wauza mbuzi. Nikamwambia mhubiri kwamba alitudanganya. Akasema hapana, alitumalizia. Akatuombea kwa simu, maombi marefu ambayo nayo nilidhani yameisha mara kadhaa, na akakata.

Nilipogeuka nesi hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja akiangalia mikono yake. "Kwa hivyo hata hakuna mahali alipunga," akasema.

Baada ya hapo hakuandika. Jumapili ya kwanza alimwambia mama yake kwamba alikuwa zamu. Iliyofuata akasema simu imeharibika. Mwenye duka alikuwa anasikia haya yote na yanamwuma, kwa sababu yeye ni mtu wa kuona huruma hata kwa mkate mkavu. Akaenda kumwambia mama yake mwenyewe, mama mtu mzima wa hapa mjini ambaye enzi zake alikusanya kaseti za Kihindi kama wengine wanavyokusanya vyombo. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anayo. Nzima. Iko kabatini na deki yake bado inafanya kazi. Mbona hakuna aliyemuuliza?

"Mwambie akwambie inavyoisha," nikamwandikia.

"Nimemuuliza," akajibu. "Anasema kama mnataka kujua, mje mkae mle, kisha muangalie kama watu."

Nesi alikubali kuja. Alisema ni afadhali ajue, kuliko kuandika juu ya kitu kilichokatika. Mpango ulikuwa aje peke yake, ajionee, halafu aamue atamwambia nini mama yake. Lakini mama yake alimsikia kwenye simu akitaja filamu, na asubuhi ya siku yenyewe nesi akaamka akamkuta amevaa gauni la kanisani, mkoba magotini, tayari.

Akanitumia ujumbe wakiwa njiani. "Mama anakuja. Kaa karibu naye umsimulie, hasikii Kihindi. Mwisho ukiwa mbaya badilisha. Kama yule wa Ikutha."

Nilisoma ujumbe huo nimesimama mlangoni mwa karakana yangu. Mimi, mwenye sheria ya pili. Nilimjibu kwamba sawa.

Tulikutana kwa mama wa mwenye duka baada ya adhuhuri. Mwalimu alikuwa amefika kutoka Kalamba na gunia dogo la machungwa, amevaa tai. Tulikula kwanza, bila shaka. Tulikula sana, na wale mama wawili wakaelewana kwa haraka ambayo ilinishangaza, mmoja na Kiswahili chake cha pwani, mwingine na Kiswahili cha Ikutha chenye Kikamba ndani. Mwenyeji alimwita mgeni dada. Mgeni alikagua pazia zote, akauliza bei ya kitambaa, na kusema kwamba zimeshonwa upande. Nilimpenda hapo hapo.

Kisha pazia zikafungwa na kaseti ikaingizwa. Nilikaa kwenye mkeka karibu na mama yake nesi. Nesi alikaa ng'ambo ya chumba, mahali ambapo angeweza kuniona.

Kitu cha kwanza kilichonipiga ni kwamba filamu haikuwa na rangi. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, na lile shati langu jekundu, shati ambalo nimelibeba kichwani maisha yangu yote, lilikuwa la kijivu tu. Kitu cha pili ni sauti ya mama dobi. Ikutha alikuwa na sauti nzito yenye mikwaruzo, sauti ya msimulizi wetu. Huyu alikuwa na sauti ndogo, ya mtu ambaye hajazoea kusikilizwa. Nilisimulia kwa kunong'ona, kwa Kikamba, na pale ambapo sikuelewa wanachosema mwenye nyumba alininong'oneza kutoka nyuma, kwa maana yeye aliishika lugha hiyo kwa kuangalia tu. Mama yake nesi alisikiliza kwa makini. Alicheka suruali ya kijana ilivyokuwa pana. Alisema huyo dobi hakamui vizuri. Treni ilipomchukua kijana alivuta mkoba wake karibu, na mimi nikaendelea.

Mama akazeeka kwenye kioo. Akapiga pasi. Akaenda stesheni, akarudi, akaenda tena. Tukafika mahali ambapo Ikutha ingeingia harusi, na hakukuwa na harusi. Treni ikaingia, ikasimama, milango ikafunguka.

"Wanashuka," nikasema. "Huyu si yeye. Huyo pia si yeye. Huyo ni askari. Huyo ana watoto."

Watu wakapungua. Wa mwisho alikuwa mzee na kuku, na baada yake hakushuka mtu. Treni ikaondoka. Mama dobi akabaki amesimama na shati lake, amelishika kwa mikono miwili, na stesheni ilikuwa tupu. Hakuanguka. Hakuna dirisha lililokuwa na mkono. Haukuwa mwisho wangu wala mwisho wa nesi.

Nikainua macho na nesi alikuwa ananitazama. Maneno nilikuwa nayo. Ningesema kuna mtu anakuja kwa nyuma, anakimbia, treni ilimpitisha na anarudi kwa miguu. Mama yake nesi asingejua. Nilifungua mdomo, na sijui mpaka leo ningesema lipi, kwa sababu mama aliweka mkono juu ya goti langu.

"Wacha, mwanangu," akasema. "Macho ninayo."

Kwenye kioo mama dobi alilikunja shati, akalitia mkobani, akatembea kuelekea nyumbani. Tuliona mgongo wake mpaka ukawa mdogo. Maandishi ya Kihindi yakatokea, na mwenye nyumba akazima.

Mwalimu alikuwa anamenya chungwa ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemwomba. Nesi alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. Mimi pia nililia, na sikuwa na hasira na mtu yeyote, jambo ambalo kwangu si la kawaida.

"Imeisha?" mama akaniuliza.

"Imeisha, mwaitu," nikajibu, yaani mama kwa Kikamba chetu.

"Hao waliotengeneza walichoka," akasema, kama mtu anayezungumzia vibarua walioacha shamba nusu. Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe? Mbona siku hizi unaniambia simu imeharibika, na naiona hapo mkononi?"

Nesi aliigeuza simu kifudifudi gotini.

"Unamzungusha huyo kijana sana. Leo injini, kesho daraja. Treni gani hiyo? Mlete nyumbani."

"Mama, na umeona hakurudi?"

"Nimeona yao. Nauliza yako."

Nesi alifunika uso. Alipoongea, sauti ilikuwa ya mtoto. "Sijui akifika wataambiana nini. Nimejaribu. Kila nikimfikisha mlangoni sijui mama atasema nini."

Mama yake alipanga leso yake vizuri mabegani, akaangalia televisheni iliyozimwa, na alipoanza kusema alisema polepole, kwa Kikamba, kama mtu anayetoa maagizo ya kazi aliyokwisha kuipanga siku nyingi.

"Asiulizwe alikuwa wapi. Hilo liandike kwanza. Na usimfanye apige magoti hapo nje watu wakiangalia, huyo si mtu wa kupiga magoti. Kama amekonda, mtu asimwambie amekonda. Mama amwite tu kwa jina, amwambie maji ya kuoga yako tayari."

Kisha akalitaja jina lenyewe, jinsi ya kuliita, si kwa sauti kubwa, akivuta mwisho wake kidogo kama unavyomwita mtu ambaye yuko hapo uani. Halikuwa jina la kijana wa filamu.

Nesi akafungua simu yake akaanza kuandika. Mama akasogea karibu naye, akavaa miwani, na akamwangalia akiandika mpaka mwisho.